Namna ya kugeuza vipimo vya baharini na vya nchi kavu

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ikitoa tahadhari kwa wavuvi, kawaida husema upepo utazidi noti 25 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa). Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) husema upepo utazidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yatapita mita 2. Mvuvi wa Vanga na mwenzake wa Moa wanavua karibu maji mamoja na wanapigwa na kusi lilelile, ila kila mmoja ana namba yake kwenye simu. Aliyezoea kusikia 40, siku akiona 25 anaweza kudhani bahari imelala. Kumbe ile 25 ndiyo kali zaidi: ni kilomita 46 kwa saa.

Majedwali ya kugeuza vipimo yamejaa mtandaoni na kila simu ina kikokotoo. Tatizo ni kwamba kikokotoo hakikuulizi namba uliyoingiza ni ya kipimo gani, na hapo ndipo watu wanapopotelea. Kwa hiyo tuanzie hapo.

Hatua ya 1: Tafuta kipimo kabla ya kusoma namba

Washa GPS yako, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya vipimo. Kwa kawaida utakuta chaguo tatu: "Nautical", "Statute" na "Metric". La kwanza linakupa maili za baharini na noti, la pili maili za barabarani, la tatu kilomita. Kifaa cha mtumba huja na mipangilio ya mwenyewe wa zamani, na kama alikuwa Mmarekani mpanda milima, basi utasafiri baharini kwa maili za barabara zake.

Kwenye kioo, angalia herufi ndogo pembeni ya namba. "nm" ni maili ya baharini, "mi" ni maili ya barabarani, "km" unaijua. Hiyo "mi" ndiyo ya kuogopa, kwa sababu mtu akiisoma husema "maili" akaridhika. Kutoka Dar es Salaam hadi bandari ya Malindi, Unguja, kifaa kilekile kitakwambia 40, 46 au 74 kutegemea kimepangwaje, na zote tatu ni kweli.

Kwenye ramani ya bahari, usianze kutazama maji. Soma kwanza maandishi yaliyo chini ya jina la ramani. Zikiandikwa "Depths in metres", kina ni kwa mita. Zikiandikwa "Soundings in fathoms", kina ni kwa pima, yaani futi sita sita. Halafu chunga herufi M. Ukikuta pembeni ya mnara wa taa pameandikwa 24m 15M, m ndogo ni mita, yaani taa iko mita 24 juu ya maji, na M kubwa ni maili za baharini, yaani mwanga wake unafika maili 15 usiku ukiwa safi.

Programu za simu nazo ni hivyohivyo. Kwenye Windy, ukibonyeza jina la kipimo lililo kwenye mstari wa rangi, upepo unahama kutoka kt (noti) kwenda m/s (mita kwa sekunde) au km/h (kilomita kwa saa), na kidole kinaweza kugusa hapo bila kukusudia. Upepo wa 10 ukiwa kt ni wa kutwekea tanga ukafurahi. Ukiwa m/s ni karibu noti 20, na mwenye ngalawa ana kila sababu ya kubaki pwani.

Hatua ya 2: Umbali

Maili ya baharini ni mita 1,852 kamili. Ya barabarani ni mita 1,609. Hiyo 1,852 ilipitishwa mwaka 1929 kwenye mkutano wa wapima bahari uliofanyika Monaco. Waingereza waling'ang'ania ya kwao ya futi 6,080 hadi 1970, ndiyo maana kwenye vitabu vya zamani utakuta 1,853. Tofauti ya mita moja na ushei isikunyime usingizi.

Ukijua namba hiyo ilikotoka, hutahitaji kukariri mengi. Kutoka ikweta hadi ncha ya dunia ni digrii 90. Kila digrii ina dakika 60, na dakika moja ndiyo maili moja ya baharini, kwa hiyo jumla ni maili 5,400. Wafaransa nao walipobuni mita mwishoni mwa karne ya 18, walikusudia safari hiyohiyo, kutoka ikweta hadi ncha, iwe kilomita 10,000. Njia ni moja, imekatwa vipande kwa namna mbili. Futa sifuri mbili kila upande unabaki na hii: maili 54 za baharini ni kilomita 100. Shika hiyo hata kama utasahau mengine yote.

Kwa hesabu ya kichwa:

Maili kwenda kilomita: zidisha mara mbili, kisha toa 3 kwa kila maili 20 ulizoanza nazo. Maili 40 zikizidishwa ni 80, toa 6, zinabaki kilomita 74. Kikokotoo kitasema 74.08.

Kilomita kwenda maili: gawa kwa mbili, kisha ongeza 4 kwa kila kilomita 100. Kilomita 300 nusu yake ni 150, ongeza 12, unapata maili 162.

Kupima kwenye ramani ya karatasi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu rula imechorwa tayari. Fungua bikari yako kutoka unapoondokea hadi unapokwenda, kisha ipeleke ilivyo kwenye ukingo wa kushoto au wa kulia wa ramani, penye latitudo, usawa wa pale unaposafiri. Hesabu dakika; hizo ndizo maili. Usipimie ukingo wa juu wala wa chini. Pale pana longitudo, na dakika za longitudo hupungua urefu kadiri unavyoiacha ikweta. Kwa maji ya Dar, Tanga au Lamu, kosa hilo halionekani. Muscat, dakika ya longitudo imeshuka hadi maili 0.92, na London ni kama 0.62. Mwenye mazoea mabaya ya huku atakwenda kuumbuka huko.

Tujaribu ile safari ya Unguja. Dar iko karibu 6°49' Kusini, bandari ya Unguja karibu 6°10' Kusini. Toa: dakika 39, yaani maili 39 kwenda kaskazini. Kwa vile Unguja imekaa magharibi kidogo ya mstari huo, njia inalala upande na kuongezeka karibu nusu maili. Ukikadiria, ndiyo 40 yetu ile ya juu.

Jambo moja la kisheria, kwa haraka: maili 12 za bahari ya nchi na maili 200 za ukanda wa kiuchumi zinazotajwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 ni za baharini. Kilomita 22.2 na 370.4. Nimewahi kuona 200 hiyo ikiandikwa kilomita 322. Huyo mwandishi ameipunguzia nchi yake ukanda wa kilomita 48 kwa kalamu tu.

Hatua ya 3: Kasi, muda na mafuta

Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, basi. Usiseme "noti 10 kwa saa", kwa kuwa saa tayari imo ndani. Mabaharia wa zamani walitupa ubao majini ukiwa na kamba yenye mafundo, wakahesabu mafundo yaliyopita mkononi wakati mchanga unashuka kwenye chupa kwa sekunde 28. Mafundo yaliachana futi 47 na inchi 3. Ukipiga hesabu hiyo leo, inatoa mita 0.514 kwa sekunde, sawa na noti ya sasa.

Kanuni za umbali zinatumika hapa bila kubadili kitu. Noti 20 zikizidishwa ni 40, toa 3, ni kilomita 37 kwa saa. Hiyo ndiyo kasi ya wastani ya boti inayotoka Dar na kufika Unguja kwa muda wa saa mbili.

Kasi kwa dakika: noti moja ni karibu mita 31. Boti ya noti 8 inakwenda karibu mita 250 kila dakika. Na kila baada ya dakika 6 umekwenda sehemu ya kumi ya noti zako: noti 8 ni maili 0.8. Kanuni hii ya dakika 6 inafaa sana usiku, unapotaka kujua lini utafika kwenye mlango wa miamba na huna muda wa kuchezea simu.

Faida kubwa ya kubaki kwenye maili za baharini na noti ni kwamba muda unajitokeza wenyewe: maili gawanya kwa noti, unapata saa. Maili 9 kwa noti 6 ni saa moja na nusu. Ukichanganya kilomita na noti, unapata namba isiyo ya kitu chochote.

Sasa mafuta, na hapa nitakaa kidogo. Tuseme mashine yako inasukuma boti kwa noti 8 na inakunywa lita 6 kwa saa. (Usichukue lita hizi ukazifanya zako. Jaza tangi, tembea saa moja kwa mwendo wako wa kawaida, jaza tena, uone imekula ngapi.) Unakwenda mahali palipo umbali wa 40. Kama ni maili za baharini: 40 gawanya kwa 8 ni saa 5, mara lita 6 ni lita 30 za kwenda tu. Kurudi nyingine 30. Ukifuata utaratibu wa theluthi, theluthi ya kwenda, ya kurudi na ya akiba, unahitaji lita 90. Lakini ukiichukulia 40 ile kuwa kilomita, utaona ni maili 21 na nusu, chini ya saa 3, lita 16. Utaondoka na lita 50 ukijiona umebeba ya ziada. Utafika, na utabakiwa na lita 20 za safari inayotaka 30.

Ongeza mkondo. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini, na kusi likikaza unaweza kufika noti 3 au zaidi. Boti ya noti 8 ikielekea kusini dhidi ya noti 3 inapata 5 tu juu ya ardhi, na 5 hiyo ndiyo GPS itakuonyesha. Saa 5 zinakuwa 8, lita 30 zinakuwa 48. Mkondo ukiupata kwa mita kwa sekunde, kama watafiti wanavyoandika, uzidishe mara mbili: mita 1.5 kwa sekunde ni karibu noti 3.

Hatua ya 4: Upepo

Noti kwenda kilomita kwa saa ni ileile ya juu. Noti kwenda mita kwa sekunde: gawa kwa mbili. Noti 25 ni 12.5, hesabu kamili ni 12.9, na ndiyo utakayoikuta kwenye mabano ya taarifa za Kenya.

Turudi kwenye tahadhari zetu mbili. Kilomita 40 kwa saa: nusu 20, ongeza 4 kwa kila mia, yaani 1.6, unapata noti 21.6. Kenya inatumia 25. Kwenye kiwango cha Beaufort, kinachopanga nguvu za upepo kwa namba, namba 6 ni noti 22 hadi 27, yaani kilomita 39 hadi 49 kwa saa, kwa hiyo tahadhari zote mbili zinaangukia namba hiyohiyo. Ushauri wangu kwa anayevua karibu na mpaka: weka alama yako moja kwa kipimo kimoja, uandike ndani ya boti, kisha taarifa yoyote igeuze kuja kwenye alama hiyo. Kwa mashua ndogo, alama hiyo iwe chini kabisa ya noti 20, tahadhari itoke isitoke.

Dhoruba ya Bahari ya Hindi hupewa jina upepo wake ukifika noti 34, ambazo ni kilomita 63 kwa saa, na huitwa kimbunga ukifika noti 64, kilomita 118. Habari za redio na televisheni zikitaja 64, uliza 64 ya nini.

Hatua ya 5: Kina

Hapa ndipo vyombo hupanda miamba. Pima ya kwenye ramani ni futi 6, mita 1.83. Kugeuza kwa kichwa: zidisha mara mbili, kisha toa sehemu ya sita ya pima ulizoanza nazo. Pima 12 ni 24, toa 2, ni mita 22. Futi kwenda mita: zidisha kwa 3, gawa kwa 10. Futi 20 ni mita 6. Kamili ni 6.1.

Wazee wetu walikuwa na pima kabla ya ramani hizi: mikono miwili iliyonyooshwa, sawa na dhiraa nne au shibiri nane. Ukihesabu shibiri kwa inchi 9, inakuja futi 6 zilezile. Shida ni kwamba mikono ya watu haikukatwa kwa rula. Mtu wa sentimita 165, mikono yake iliyonyooshwa inakaribia sentimita 165. Mshipi wake wa pima 20 una mita 33, na pima 20 za ramani ni mita 36.6. Kwa kuvulia changu haidhuru. Kwa bildi ya kupimia kina, chukua tepu ya fundi, pima kamba mara moja, funga alama kila mita mbili, umalize ubishi.

Sasa tazama ramani kwa karibu. Namba za kina zina namba kubwa na ndogo iliyoshuka pembeni, kama 3₂. Kwenye ramani ya mita, hiyo ni mita 3.2. Kwenye ramani ya pima, ni pima 3 na futi 2, yaani futi 20, yaani mita 6.1. Maandishi ni yaleyale, maji karibu mara mbili. Waingereza walianza kuzigeuza ramani zao kuwa za mita mwishoni mwa miaka ya 1960, ila nakala za zamani, na picha zilizopigwa za nakala hizo, bado zinazunguka kwenye simu. Aliyezoea za pima akiishika ya mita bila kusoma kichwa chake, anaamini ana maji ya mita 6, naye ana 3.

Jedwali la maji kujaa na kupwa huandikwa kwa mita, na bamvua kubwa kwetu hufika karibu mita 4. Kwa hiyo kutia nanga mara nyingi ni hesabu ya vipimo viwili. Tuseme ramani ya zamani inaonyesha pima 3 na jedwali linasema maji yakijaa yataongeza mita 3.8. Geuza kwanza: pima 3 ni mita 5.5. Ongeza 3.8, ongeza sentimita 70 kutoka maji hadi omo (pua ya chombo), ni mita 10. Amari, yaani kamba ya nanga, ya mara tano ya hizo ni mita 50. Ukisoma ile 3 kama mita, utalegeza mita 37 na nusu, na nanga itaanza kuburura saa ambayo wote mmelala. Dukani, roli nyingi za kamba ya baharini ni za mita 220. Namba hiyo inaonekana ya ajabu mpaka ukumbuke kwamba ni pima 120.

Kifaa cha kuonyesha samaki kilichotoka Marekani huwa kimewekwa futi. Kibadilishe kabla hakijaingia majini.

Hatua ya 6: Digrii za GPS

Sehemu moja huandikwa kwa namna tatu: 6°49'30", 6°49.5' na 6.825°. Ya kwanza ni digrii, dakika na sekunde. Ya pili ni digrii na dakika zenye nukta, ndiyo ya mabaharia. Ya tatu ni digrii zenye nukta, ndiyo utakayotumiwa kwa WhatsApp kutoka ramani ya Google.

Kutoka ya tatu kwenda ya pili: acha digrii 6 zilivyo, chukua 0.825, zidisha kwa 60, unapata dakika 49.5. Kurudi: dakika 49.5 gawanya kwa 60.

Kosa la kila siku ni kuichukua 6°49' na kuiandika 6.49. Hiyo 6.49° ni 6°29.4', na tofauti ni dakika 19.6. Dakika ni maili, kwa hiyo umejipeleka maili 19.6 mbali, kilomita 36. Dema lako, ule mtego wa samaki, liko pale uliposhusha, wewe uko kwingine unazunguka.

Galoni na tani

Galoni ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza 4.546, na "galoni" la mtaani ni dumu la ukubwa wowote. Kitabu cha mashine kikitaja galoni, angalia kilichapishwa wapi. Tani za usajili wa meli hazipimi uzito kabisa, zinapima nafasi iliyo ndani ya chombo; meli ya tani 500 za usajili haimaanishi inabeba mzigo wa tani 500. Usizigeuze kuwa kilo.

Ukiita msaada

Kwenye redio ya VHF, chaneli 16, taja kipimo pamoja na kila namba, hata kama unaona ni wazi. "Kusini digrii 6 dakika 17, mashariki digrii 39 dakika 5 na nusu." Kama huna GPS, taja alama ya nchi kavu na umbali kutoka hapo: "maili 5 za baharini magharibi ya mnara wa Chumbe", na si "Chumbe iko mashariki yangu". Maliza kwa idadi ya watu, kisha achia kitufe usikilize.